Kabureta ya pikipiki kuukuu ni darasa lisilotozwa karo

Wahenga walinena kwamba ujuzi hauzeeki. Zana huzeeka, chuma hula kutu na rangi ikabambuka, lakini maarifa yaliyotumiwa kuiunda zana hiyo hubaki mabichi kwa yeyote aliye tayari kuyachuma. La kusikitisha ni kwamba sisi tunaohusika na elimu ya vijana aghalabu huitupa zana pamoja na maarifa yake, kisha tukalalamika kwamba shule zetu hazina vifaa vya kufunzia sayansi.

Nazungumzia kabureta, kile kidude cha madini kilichoning'inia baina ya kichujio cha hewa na injini ya pikipiki. Zamani pikipiki ilikuwa chombo cha afisa wa kilimo, kasisi na mwalimu wa mashambani. Honda, Yamaha na Suzuki za miaka hiyo zilipanda milima na kuvuka matope, na baadhi yazo zingali zinanguruma hadi leo. Kisha mwaka wa 2008 serikali ikaondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zenye injini ndogo zisizofikia sentimita 250 za ujazo, na bodaboda zikaenea nchini kama umande. Nyingi kati ya hizo nazo zililetwa zikiwa na kabureta. Kwa hivyo hakuna kijiji, na nathubutu kusema hakuna shule, ambako kabureta haipatikani hatua chache kutoka langoni.

Hata hivyo, tazama jinsi kidude hiki kinavyofunzwa. Katika somo la Fizikia, mwalimu anapofika kwenye mtiririko wa viowevu na gesi, kabureta hutajwa kama mfano. Mwanafunzi huchora mchoro, huandika jina la kila sehemu kwa Kiingereza, hupata alama zake, na kitabu kikafungwa. Miaka michache baadaye kijana yuyo huyo hununua pikipiki kuukuu ili ajitafutie riziki. Ikianza kutoa moshi mweusi na kumeza petroli, huipeleka kwa fundi wa jua kali. Fundi huchukua bisibisi, huzungusha skrubu huku ametega sikio, hupokea shilingi zake, na safari ikaendelea. Hakuna hata mmoja wao aliyemweleza mwenzake jambo. Kijana ana maelezo yasiyo na mikono, fundi ana mikono isiyo na maelezo. Hoja yangu ni kwamba pengo hili ni aibu ya elimu yetu, na kwamba linaweza kuzibwa kwa gharama ndogo mno, tena kwa lugha ya Kiswahili.

Hebu tuitazame kazi yenyewe. Petroli iliyo kiowevu haiwezi kuungua ipasavyo ndani ya silinda. Sharti kwanza ipasuliwe kuwa matone madogo kama ukungu na kuchanganywa na hewa. Pistoni inaposhuka huvuta hewa kupitia koo la kabureta, na koo hilo limebanwa katikati. Hewa inapopita mahali pembamba huongeza mwendo, na mwendo ukiongezeka shinikizo lake hupungua. Kanuni hiyo ilielezwa na Daniel Bernoulli katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1738. Petroli iliyo katika kikombe cha chini, ambako boya hulinda kina chake kisizidi wala kisipungue, husukumwa na hewa ya nje ikapanda kupitia tundu dogo la jeti na kunyunyizwa kooni. Mjerumani Wilhelm Maybach aliunda kabureta ya namna hii ya kunyunyiza mnamo 1893, na katika mwaka uo huo Wahungaria wawili, Donát Bánki na János Csonka, wakasajili yao.

Swali la msingi ni hili: petroli kiasi gani kwa hewa kiasi gani? Jibu la kemia ni kwamba gramu 1 ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue yote, pasibaki petroli wala oksijeni. Mwalimu wa Hisabati ana somo zima hapa. Lita moja ya petroli ina uzito wa takriban gramu 740. Zidisha kwa 14.7, utapata karibu kilo 11 za hewa. Katika ufuo wa bahari, kilo hizo hujaza zaidi ya lita 9,000. Mwanafunzi akiambiwa kwamba chupa moja ya petroli humeza chumba kizima cha hewa, hataisahau hesabu ya uwiano maishani mwake.

Petroli ikizidi kipimo hicho, mafundi husema mchanganyiko ni mzito. Ikipungua, husema ni mwepesi. Kila hali ina dalili zake. Mchanganyiko mzito hupaka plagi masizi meusi makavu, hutoa moshi mweusi na harufu ya petroli, na injini huzidi kukwama kadiri inavyopata moto. Mchanganyiko mwepesi huiacha plagi nyeupe, injini hupata joto kupita kiasi, husitasita unapovuta akseleta, hupasuka-pasuka katika bomba la moshi unapoiachilia, na hutaka choki hata baada ya kupata moto. Hali hii ya pili ndiyo ya kuogofya zaidi, kwa maana joto lake laweza kuitoboa pistoni. Kwa pikipiki za mipigo miwili ambazo oili yake huchanganywa ndani ya petroli, hatari ni maradufu, kwa kuwa petroli ikipungua oili nayo hupungua. Plagi yenye afya huwa na rangi ya kahawia hafifu, ingawa tangu petroli yenye risasi ilipoondolewa nchini kufikia mwaka wa 2006 rangi hiyo haijitokezi waziwazi kama zamani. Na moshi wa rangi ya samawati usimhadae mtu: huo ni oili inayoungua, na hakuna skrubu ya kabureta itakayoutibu.

Nchi yetu yenyewe ni maabara ya jambo hili. Mombasa iko kando ya bahari. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Eldoret mita 2,100, na huko Timboroa ardhi hupita mita 2,700. Kadiri tunavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Uzito wa hewa ya Nairobi ni takriban asilimia 85 ya ule wa pwani, na wa Eldoret asilimia 81. Pikipiki ya zamani iliyorekebishwa vyema Mombasa ikipelekwa Eldoret itavuta ujazo ule ule wa hewa, lakini hewa yenyewe itakuwa haba. Petroli nayo haipungui kwa kiasi hicho. Matokeo ni mchanganyiko mzito, na mwenye pikipiki husema chombo chake "kimekataa baridi," ilhali baridi haina hatia.

Mwalimu wa kidato cha juu anaweza kwenda hatua moja mbele. Katika kabureta sahili, uwiano wa hewa kwa petroli hufuata kipeuo cha pili cha uzito wa hewa. Kipeuo cha pili cha 0.81 ni 0.9. Kwa hivyo uwiano wa 14.7 uliopangwa pwani hushuka hadi karibu 13.2 mjini Eldoret. Yaani petroli imezidi kwa takriban sehemu moja juu ya kumi. Ni nani aliyewahi kumwonyesha mwanafunzi wa Uasin Gishu kwamba vipeuo vya pili, ambavyo huvikariri akivilaani, ndivyo vinavyoamua kiasi cha petroli atakachonunua?

Sasa tuje kwenye marekebisho, kwani hapa ndipo makosa huzidi. Watu wengi hudhani kabureta ina skrubu moja inayotawala kila kitu. Sivyo. Injini inaponguruma polepole pikipiki ikiwa imesimama, na hadi akseleta inapovutwa kiasi cha robo, mtawala ni jeti ndogo pamoja na skrubu ya mchanganyiko. Umbo la kizibo kinachopanda na kushuka kooni nalo hutia mkono wake hapo mwanzoni. Kuanzia robo hadi robo tatu, mtawala mkuu ni sindano iliyofungwa kwenye kizibo hicho. Sindano huwa na mifuo kadhaa kichwani ya kutilia kibanio. Kibanio kikishushwa, sindano hupanda na petroli huongezeka. Kikipandishwa, sindano hushuka na petroli hupungua. Kuanzia robo tatu hadi mwisho, mtawala ni jeti kubwa. Basi anayelalamika kwamba pikipiki yake haina nguvu mlimani ilhali akseleta imevutwa yote, kisha akazungusha skrubu ya mchanganyiko, ni sawa na mgonjwa wa jino anayepaka dawa gotini.

Kabla ya kugusa skrubu, fundi mwadilifu hukagua mambo mengine. Je, kichujio cha hewa ni safi? Plagi ni nzima? Kuna ufa baina ya kabureta na injini unaopenyeza hewa ya wizi? Kikombe kimejaa takataka? Mengi ya yale yanayoitwa maradhi ya kabureta huponea hapa. Kisha injini huendeshwa kama dakika 10 ipate moto, kwa sababu kipimo cha injini baridi si kipimo cha injini moto.

Baada ya hapo injini huzimwa na skrubu hukazwa polepole hadi ikae, huku mizunguko ikihesabiwa na kuandikwa. Haikazwi kwa nguvu, maana ncha yake ni laini na ikiharibika kabureta nayo imeharibika. Hufunguliwa mzunguko mmoja na nusu au karibu na hapo, kiasi ambacho pikipiki nyingi za zamani huweza kuanzia. Injini huwashwa, mnguruo wake hupandishwa kidogo kwa skrubu ya pili inayoinua kizibo, kisha skrubu ya mchanganyiko huzungushwa robo mzunguko kwa mara moja, fundi akingoja sekunde kadhaa kila anapozungusha. Mahali ambapo injini inanguruma kwa kasi zaidi na kwa utulivu ndipo mahali pake. Mwishowe mnguruo hurudishwa chini kama kawaida, na akseleta hujaribiwa. Ikiwa injini inasita au inakawia kushuka, mchanganyiko ungali mwepesi kidogo.

Lipo jambo moja ambalo limewachanganya hata mafundi wenye uzoefu. Skrubu hizi ni za aina mbili. Iliyo upande wa kichujio cha hewa hupima hewa, na kuikaza ni kuufanya mchanganyiko uwe mzito. Iliyo upande wa injini hupima petroli iliyokwisha kuchanganywa, na kuikaza ni kuufanya mchanganyiko uwe mwepesi. Mkono ni ule ule, mwendo ni ule ule, matokeo ni kinyume. Aliyekariri kwamba "ukikaza, petroli hupungua" atakosea nusu ya wakati wake. Aliyefahamu hewa inapita wapi na petroli inapita wapi hatakosea hata akikutana na pikipiki asiyoijua. Sioni mfano bora zaidi wa kumwonyesha mwanafunzi tofauti ya kukariri na kuelewa.

Utaratibu huu una funzo jingine ambalo ndilo uti wa mgongo wa sayansi: badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, pima, andika, kisha uamue. Fundi anayebadilisha plagi, sindano na jeti kwa pamoja, pikipiki ikapona, hajui ni kipi kilichoiponya. Kesho itakapougua tena ataanza upya kwa fedha za mteja. Wako pia wanaotoa kichujio cha hewa ili "injini ipumue," au wanaopanua tundu la jeti kwa waya. Mwenye kichujio kilichotolewa hunyonya mchanga ndani ya silinda, na mwenye jeti iliyopanuliwa hana tena kipimo cha kurejelea.

Gharama ya ujinga huu hulipwa na maskini. Tuchukue mfano wa mwendeshaji wa bodaboda anayenunua lita 4 za petroli kwa siku, na tuseme mchanganyiko mbaya humpotezea sehemu moja ya kumi. Hiyo ni lita 0.4 kila siku. Kwa siku 300 za kazi, ni lita 120. Mpe mwanafunzi bei ya petroli ya mwezi huo azidishe mwenyewe, kisha umuulize kama fedha hizo hazingenunua sare na vitabu. Na petroli isiyoungua haipotelei mbinguni. Hugeuka masizi na kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo abiria na watoto wa kando ya barabara huivuta mapafuni.

Najua pingamizi zitakazotolewa. La kwanza ni kwamba kabureta imepitwa na wakati. Kweli, pikipiki mpya nyingi hupuliziwa petroli kwa mitambo ya umeme, na zile zinazotumia betri zimeanza kuonekana katika miji yetu. Lakini kompyuta inayopima petroli katika injini mpya inatafuta jibu la swali lile lile la hewa na petroli. Kabureta hulitatua swali hilo hadharani, kwa sehemu ambazo jicho huziona na kidole huzigusa. Hatukuacha kufunza mizani ya mikono miwili kwa sababu duka limenunua mizani ya umeme.

Pingamizi la pili ni kwamba shule si gereji. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985, ulikusudiwa kumpa mwanafunzi ujuzi wa mikono, na wazazi walichanga kwa harambee wakajenga karakana. Karakana zilipokosa zana na walimu, tulijifunza kwamba jengo pekee halifunzi. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumiwa kote nchini mwaka wa 2019 katika madarasa ya chini, nao umeahidi kwamba mwanafunzi atapimwa kwa anachoweza kutenda. Ahadi hiyo itabaki maneno matupu ikiwa kila somo la kutenda litangoja vifaa kutoka ng'ambo. Kabureta moja mbovu, bisibisi na beseni vyatosha kuanzia. Ifunguliwe ikiwa kavu, pasipo petroli, na wanafunzi wafuatishe njia ya hewa kwa macho na njia ya petroli kwa uzi mwembamba. Injini itakapowashwa, iwashwe nje penye upepo, mbali na moto, mikono ya wanafunzi ikiwa mbali na bomba la moshi.

Pingamizi la tatu ndilo linaloniudhi zaidi, nalo ni kwamba Kiswahili hakina msamiati wa mambo haya. Msomaji na arejelee aya zilizotangulia. Koo, boya, kikombe, sindano, kibanio, kizibo, tundu na mnguruo ni maneno yetu ya kila siku. Plagi, jeti, pistoni na kabureta tumeyakopa, kama tulivyokopa kitabu, meza na shule, nayo yamekwisha kuzoea sauti zetu. Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Lugha rasmi isiyoweza kueleza skrubu inazungushwa upande gani ni lugha ya sherehe tu. Upungufu hauko katika Kiswahili. Uko katika mazoea yetu ya kukifungia ndani ya ushairi, methali na hotuba za siku ya zawadi.

Hapa nawageukia walimu wa Kiswahili. Tunawazoeza wanafunzi kuandika insha zilizojaa tashbihi, jua likichomoza kama sinia la dhahabu na mito ikitiririka kama maziwa. Sizipingi. Lakini ni mara ngapi tunamtaka mwanafunzi aandike insha ya maelezo ambayo mtu mwingine ataifuata hatua kwa hatua na kazi ikakamilika? Mtihani wa insha ya namna hiyo hauhitaji msahihishaji mkali. Mpe fundi aisome, akirekebisha pikipiki kwa kuifuata, mwanafunzi amefaulu. Injini ikikataa kuwaka, kuna sentensi iliyokosewa.

Napendekeza basi kwamba walimu wa Fizikia, Hisabati na Kiswahili katika shule moja waketi pamoja, wamwalike fundi wa jirani aliye mwadilifu, na watenge alasiri moja kila muhula kwa kazi hii. Fundi aje akiwa mgeni wa heshima, alipwe kwa wakati wake, na asikilizwe anapoeleza kwa nini sikio lake hujua mchanganyiko umekaa sawa. Wanafunzi nao wamweleze kwa nini pikipiki iliyotoka pwani hutoa moshi ikifika nyanda za juu. Fundi ataondoka na sababu, wanafunzi watabaki na ustadi, na heshima itatembea pande zote mbili.

Vijana wengi wanaoketi katika madarasa yetu wataendesha, watanunua au watatengeneza pikipiki kabla ya kufikisha miaka 25. Tukiwatuma huko wakiwa na cheti mkononi na bila uwezo wa kusoma rangi ya plagi, tutakuwa tumewanyima urithi uliokuwa umeegeshwa nje ya dirisha la darasa siku zote. Elimu ni bahari, lakini hata bahari huingiwa kwa kulowesha mguu kwanza. Na tuanze na bisibisi.